Takwimu za viungo katika AFL: yanayosemwa na yaliyo kweli pale mchezo unaposimama

Katika AFL, ligi kuu ya mpira wa kanuni za Australia, timu mbili za wachezaji 18 kila moja hucheza robo nne kwenye uwanja wenye umbo la yai, na mchezo husimama mara nyingi. Ukisimama, huanzishwa upya kwa njia tatu: mwamuzi huuweka mpira hewani katikati ya uwanja mwanzoni mwa robo na baada ya kila goli, huurusha juu mahali popote wachezaji walipousonga usitoke, au mwamuzi wa mpakani huurudisha ndani kwa kuurusha kinyumenyume. Warukaji wawili, mmoja wa kila timu, huruka kuugombea, na viungo husubiri chini yao. Takwimu nyingi za viungo huzaliwa katika sekunde hizo chache, na ndizo zinazosomwa vibaya kuliko zote.

Dhana potofu: Timu ambayo mrukaji wake anaugusa mpira kwanza ndiyo inayotawala katikati.

Ukweli: Mguso wa kwanza unaeleza tu mkono wa nani uliufikia mpira, wala hausemi ulikwenda kwa nani. Ndiyo maana wachambuzi hutenga miguso iliyoufikisha mpira kwa mchezaji mwenzake ambaye mrukaji alimkusudia, na hiyo ni sehemu ndogo ya miguso yote. Kiungo mwerevu wa timu pinzani husoma mkono wa mrukaji, akajiweka pale mpira utakapoangukia, akaondoka nao. Tangu mwaka 2017, mchezaji wa tatu amepigwa marufuku kuruka katika pambano la warukaji wawili, hivyo mrukaji mrefu hawezi tena kuzuiwa kwa njia hiyo. Lakini urefu wake hauna faida ikiwa anaupeleka mpira kule kule kila mara.

Dhana potofu: Mchezaji mwenye klirensi nyingi ndiye anayeuchomoa mpira kwenye msongamano.

Ukweli: Hapa pana jambo ambalo hata mashabiki wa miaka mingi hawalizingatii. Klirensi huandikwa kwa mchezaji ambaye pasi yake, ya mguu au ya ngumi, ndiyo iliyoutoa mpira nje ya eneo la msongamano. Tuseme kiungo mmoja ameinama chini ya miili mitano, ameunyakua mpira, na huku akiangushwa ameupiga ngumi kwa mwenzake aliye hatua mbili kutoka kwake. Mwenzake akageuka na kuupiga mbele kwa mguu. Klirensi ni ya huyo wa pili. Wa kwanza ameandikiwa mpira wa kugombewa, na mtu anayetazama safu moja tu ya jedwali hatamwona kabisa. Kubwa zaidi, mpira uliopigwa kwa mguu na kuvuka eneo hilo huhesabiwa hata ukitua kifuani mwa beki wa timu pinzani. Kwa hiyo klirensi 8 za mchezaji anayebutua mbele bila kutazama zinaweza kuiumiza timu kuliko klirensi 4 za anayemtafuta mwenzake. Nadhani hesabu hii isitajwe kamwe bila kueleza mpira uliishia wapi.

Ni lazima pia kutazama mchezaji alipewa nafasi ngapi. Tangu mwaka 2019, katika kila uanzishaji wa katikati timu hupanga wachezaji sita mbele, sita kati na sita nyuma, na ni wanne tu wa kila timu wanaokaa ndani ya mraba wa katikati: mrukaji na viungo watatu. Aliyekuwamo mara 25 hawezi kulinganishwa moja kwa moja na aliyekuwamo mara 10. Tena, idadi ya uanzishaji huo hufuata magoli: mechi yenye magoli 24 huwa nao takribani 28, kwa hiyo tofauti ya mara tatu au nne katika mechi moja inaweza kuwa bahati tu.

Dhana potofu: Anayeshinda klirensi hushinda mechi.

Ukweli: Richmond ilitwaa ubingwa mwaka 2017, 2019 na 2020 bila kuwa timu ya klirensi, nguvu yake ilikuwa kuwabana wapinzani, kuwapokonya mpira na kukimbia nao. Katika ligi ya sasa, pointi nyingi hutokana na mipira iliyopokonywa kuliko mipira iliyotoka moja kwa moja pale mchezo uliposimama. Aliir Aliir, beki aliyezaliwa Kakuma nchini Kenya, aliingia katika kikosi bora cha ligi mwaka 2021 akiwa na Port Adelaide kwa umahiri wa kunasa mipira ya juu, na klirensi ya haraka iliyopigwa ovyo humpa beki wa namna hiyo anachokitaka.

Hata hivyo, kuzipuuza klirensi kabisa ni kosa jingine. Fainali ya mwaka 2021 ilichezwa Perth, na katika robo ya tatu Western Bulldogs walikuwa wakiongoza kwa pointi 19. Kisha Melbourne wakaanza kuutoa mpira katikati na kufunga mfululizo, goli likizaa uanzishaji mwingine na uanzishaji ukizaa goli, hadi wakashinda kwa pointi 74. Mpangilio wa 6-6-6 ndio unaoipa klirensi ya katikati uzito huo, kwa kuwa mabeki hawajapata nafasi ya kurundikana. Klirensi ya mpakani hukuta ukuta wa watu.

Dhana potofu: Kiungo aliyegusa mpira mara nyingi zaidi ndiye aliyecheza vizuri zaidi.

Ukweli: Tom Mitchell wa Hawthorn alitoa pasi 54 dhidi ya Collingwood mwaka 2018, rekodi ya ligi, na mwaka huo alitwaa Medali ya Brownlow, tuzo ya mchezaji bora wa msimu, ambayo kura zake hupigwa na waamuzi wa uwanjani. Ilikuwa kazi kubwa. Lakini idadi ya pasi haimwambii msomaji ngapi zilikuwa za kugombewa, ziliusogeza mpira mita ngapi, wala kiungo aliyekuwa akikabana naye alifanya nini. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi: kiungo mwenye pasi 30 ambaye mpinzani wake ameondoka na mpira mara saba pale mchezo uliposimama, na pointi zikapatikana mara nne kati ya hizo, ameigharimu timu yake, na jedwali la pasi litaendelea kumweka juu.