Kitambaa Orijino Hakirudi? Acheni Hizo, Mashosti

Tangu treni ya SGR, ile ya reli ya kisasa, ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, wikiendi ya Kariakoo imekuwa jambo la kawaida kwa wateja wangu wa kushona wa hapa Dodoma. Mashosti wanaondoka Ijumaa, Jumamosi wanashinda Mtaa wa Uhuru na Msimbazi wakitafuta sare ya kicheni pati ya mwenzao, Jumapili wanarudi na mabegi. Jumatatu asubuhi vitambaa viko mezani kwangu. Sina ugomvi na safari, tena natamani siku moja na mimi nialikwe. Ugomvi wangu ni yale wanayoaminishana wakiwa dukani, na moja kati ya hayo nimelisikia hadi basi.

"Fundi, hii ni pamba orijino, hairudi. Wewe kata tu."

Jamani, pamba ndiyo inayorudi, yaani inayopungua ikifuliwa! Kiwandani nyuzi huvutwa kwa nguvu wakati wa kufuma, kisha kitambaa chenyewe huvutwa tena wakati wa kutiwa rangi na kukaushwa. Kinakaa kimenyooshwa hivyo hivyo hadi kikutane na maji. Hapo nyuzi zinavimba, zinalegea, na kitambaa kinajikusanya. Ndiyo maana kwa kawaida kinapungua zaidi kwa urefu kuliko kwa upana: nyuzi za urefu ndizo zilizovutwa zaidi. Kitenge cha pamba ambacho hakikuandaliwa kiwandani kuzuia hali hiyo kinaweza kupoteza asilimia 3 hadi 5 kikifuliwa mara ya kwanza. Kwa asilimia 5, gauni la sentimita 140 linabaki 133. Lililokuwa linafika kwenye vifundo vya miguu sasa limepanda juu, na simu inaanza kuita: fundi kaniibia kitambaa.

Kisichorudi ni poliesta, kwa sababu nyuzi zake zimeshatulizwa kwa joto kiwandani. Kwa hiyo wewe unayejisifu kwamba kitenge chako kimefuliwa mwaka mzima na hakijapungua hata nukta, huenda ulinunua poliesta kwa bei ya pamba. Una shaka? Chomoa nyuzi chache pembeni, toka nje, uziwashe. Pamba inanuka karatasi inayoungua na kuacha majivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Sasa sheria yangu, na siilegezi hata kwa shemeji: pamba inalowekwa kabla mkasi haujaigusa. Maji ya kawaida, usiku mmoja, anika kivulini, piga pasi ikiwa bado na unyevu kidogo. Ukiileta kavu kutoka dukani, ninailoweka mimi na siku inaongezeka. Usiniambie sherehe ni Jumamosi. Ulipokata tiketi tarehe uliijua. Halafu kuna bitana, kile kitambaa cha ndani ya gauni. Bitana nyingi ni poliesta, hazirudi. Gauni lisilolowekwa likirudi peke yake, bitana inachungulia chini mbele ya wakwe.

Na wanaaminishana mengine pia. "Loweka kwa chumvi, rangi haitachuja." Chumvi ina kazi yake ndani ya pipa la kutilia rangi, ambako husaidia baadhi ya rangi kuingia kwenye pamba. Kitambaa kikishafika Kariakoo, chumvi ya jikoni haishikishi chochote. Rangi inayotoka mara ya kwanza mara nyingi ni ile ya ziada iliyobaki juu juu, na inatakiwa itoke. Kifue peke yake kwa maji baridi, chumvi iache kwenye mboga.

"Kigumu ndicho kizuri." Mara nyingi ugumu ule ni wanga uliopakwa ili kitambaa kipendeze rafuni. Kisugue kwa vidole. Ukiona unga mweupe unadondoka, umejua.

"Rangi ikitokea pande zote mbili, ni ya Uholanzi." Ni kweli kwamba Vlisco, watengenezaji wa vitenge vya waksi, wako Helmond, Uholanzi, tangu 1846. Lakini rangi kupenya pande zote ni namna ya kuchapa waksi, haikuonyeshi nchi. China wanaifanya, Ghana wanaifanya. Angalia maandishi ya pembeni, na hata hayo yanaghushiwa.

"Kitambaa kisipotosha tutaongeza wiki ijayo." Hapa ndipo sare zinapoharibika. Jora moja na jingine la maua yale yale huweza kupishana rangi, na kwenye picha tofauti inaonekana. Nunueni siku moja, duka moja, mkilinganisha majora kwenye mwanga wa nje. Na kabla hamjalipa, nipigieni mniambie upana. Kitenge kwa kawaida ni kama inchi 45, krepu huwa inchi 58 hadi 60, kwa hiyo hesabu ya mita haiwezi kuwa moja. Wala msigawane "yadi tatu tatu" kama peremende. Mwenye mwili mkubwa anayetaka marinda achukue pisi nzima ya yadi 6. Mwembamba anayetaka gauni la kubana, yadi 3 zinamtosha, na mambo ya nani kachangia shilingi ngapi mmalizane hukohuko kwenye treni, msiniletee mimi.