Rangi ya Kijani Haimshibishi Farasi

"Robota la nyasi kavu likiwa la kijani chukua, la manjano acha." Kauli hii imenichosha, kwa sababu kila inaporudiwa kuna farasi anayelishwa vibaya. Rangi inaonyesha jinsi nyasi zilivyokaushwa na kutunzwa. Umri wa nyasi siku ya kukatwa hauonekani kwenye rangi, na umri huo ndio unaoamua protini, nguvu, na kama farasi atazila au atazikanyaga.

Jua likipiga robota, upande wa nje hupauka na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hupotea, lakini karotini hupungua hata ghalani. Kata kamba, chomoa konzi kutoka katikati, uifinye kwa nguvu. Nyasi zilizokatwa kabla masuke hayajakomaa hupinda bila kuchoma kiganja, na majani yake ni mengi kuliko mashina. Zilizochelewa huvunjika kwa mlio kama vijiti, na ukizikung'uta mbegu zinadondoka. Kisha nusa. Harufu ya tumbaku au sukari iliyoungua maana yake zilifungwa zikiwa na unyevu, zikapata joto ndani. Unyevu ukiwa chini ya asilimia 15 uko salama. Ukipita 20, tarajia ukungu. Lenye ukungu farasi asipewe kabisa, hata kama limebaki kijani kibichi. Na mengi hubaki hivyo!

Usiseme basi laini ndiyo bora kwa wote. Farasi mnene asiye na kazi anafaa kupewa zile zilizokomaa kidogo: anatafuna muda mrefu bila kuongeza mafuta. Laini zimfae jike anayenyonyesha, farasi anayekua, na mzee mwenye meno mabovu.

Kosa hilo hilo linafanywa kwa lusini (alfalfa, mmea wa jamii ya kunde), kwa kuwa ni ya kijani na ina protini nyingi. Kalsiamu yake hufika mara tano au sita ya fosforasi, na protini inayozidi hutoka kwenye mkojo, banda likanuka amonia. Lakini ikichanganywa ina kazi kubwa. Nyasi kama setaria zina oksaleti, kemikali inayoifunga kalsiamu mwili usiipate. Farasi akizila peke yake kwa miezi, mifupa ya uso huvimba na miguu huchechemea. Hapo lusini inaziba pengo. Nyasi za Rhodes hazina shida hiyo kwa kiasi kikubwa, ndiyo maana ndizo ninazoanzia.

Kwa farasi wa kilo 500 asiye mnene, pima kilo 10 hadi 11 za nyasi kavu kwa siku: kilo 8 za Rhodes na zisizozidi 3 za lusini, yaani karibu robo. Anayenyonyesha, lusini ifike hata nusu. Robo hiyo ni ya mazoea tu, hakuna kanuni inayoilazimisha. Pitisha vidole mbavuni mwa farasi kila wiki mbili, uone kama anakonda au ananenepa, uirekebishe. Tumia mizani ya kuning'iniza. Vipande viwili vya robota vya unene uleule vinaweza kupishana kilo nzima.

Mahali ambapo mkono unadanganya ni kwenye sukari. Nyasi za oti zilizopauka na ngumu zinaweza kuwa tamu kupita kiasi kwa farasi aliyewahi kuugua laminaitisi, uvimbe wenye maumivu ndani ya kwato. Huyo apewe zenye sukari na wanga chini ya asilimia 10 hadi 12, na kipimo hicho kinatoka maabara. Kuziloweka kwenye maji baridi dakika 30 hadi 60, ukamwaga maji yote, hupunguza sukari, ila kiasi kinachotoka hutofautiana mno kati ya robota na robota. Mimi siitegemei njia hiyo peke yake.

Ukibadilisha shehena, changanya robo ya mpya kwa siku tatu, nusu kwa siku nne, robo tatu kwa siku tatu. Bakteria wa utumbo mpana wanahitaji muda huo, hata kama nyasi zote mbili ni za aina moja.