Ufunguo wa maina si lazima ulie

Wapiga kinanda wengi wa Dar es Salaam, wa kwaya na wa studio za muziki wa filamu, wamerithishwa kanuni moja kuhusu ufunguo, yaani mpangilio wa noti ambao wimbo umejengwa juu yake: meja ni furaha, maina ni huzuni. Inapotosha.

Tofauti yenyewe iko hasa kwenye noti ya tatu ya skeli, yaani ngazi ya noti za ufunguo. Katika meja iko nusutoni 4 (nusutoni ni hatua kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachofuata, cheupe au cheusi) juu ya noti ya msingi. Katika maina, nusutoni 3. Ni kweli masikio mengi huisikia maina kuwa na kiza kidogo. Lakini kiza si kilio.

Sikiliza "He's a Pirate", wa filamu ya Pirates of the Caribbean ya mwaka 2003. Uko katika D maina, tena unakwenda mbio, na msikilizaji anatamani kuparamia mlingoti, si kuomboleza.

Upande wa pili kuna Adagietto, sehemu ya polepole ya simfoni ya 5 ya mtunzi Gustav Mahler, ambayo Luchino Visconti aliitumia katika filamu yake Death in Venice mwaka 1971. Hii ni F meja, kwa vyombo vya nyuzi na kinubi tu, na bado wengi huisikia kama msiba. Hapa kasi ndiyo inayoamua, na ndicho kinachonivutia zaidi: kuna waongozaji wa okestra wanaoimaliza kwa dakika kama 8, wengine wanavuka 11. Noti ni zilezile; ikipigwa haraka inasikika kama barua ya mapenzi, ikipigwa polepole kama mazishi.

Kwa hiyo tukio la filamu yako likikataa kuhuzunisha, usikimbilie kubadili ufunguo. Punguza kasi kwanza, kisha punguza vyombo.