Acha kuhesabu nywele za kwenye kitana, angalia panja

Wiki iliyopita kaja dada mmoja kliniki na bahasha ya kaki imejaa nywele, kaimwaga mezani kwangu, dokta ona, nanyonyoka. Nikamuuliza kafumua lini, kasema jana, rasta zilikaa wiki sita. Sasa piga hesabu, mtu mzima asiye na tatizo lolote anapoteza nywele kama 50 mpaka 100 kila siku, na ukiwa umesuka zinakosa pa kudondokea zinabanwa humohumo kwenye rasta, siku 42 hizo ni 2,100 mpaka 4,200. Bahasha haikunishtua. Kilichonishtua ni panja zake.

Pale juu ya masikio ambapo wasusi wanapenda kuvuta ili kichwa kitoke kinang'aa, nywele zilishakuwa fupi laini kama malaika, ukingoni kabisa kamebaki kamstari kembamba ka vinywele halafu nyuma yake peupe. Ukiona hako kamstari jua ni kuvutwa, manake vya ukingoni ni vifupi mno msusi hawezi kuvikamata, vya nyuma yake ndo vinaondoka.

Ila dalili ya kwanza inakuja kabla ya hapo na tumezoeshwa kuiona ya kawaida, maumivu. Umesukwa Kariakoo au Sinza, umerudi nyumbani unameza Panadol, hujui ulalie upande gani, asubuhi una vipele vidogo kwenye mizizi. Eti zitalegea zenyewe. Fumua sikuhiyohiyo, hela ya msusi samehe, na hapo hapo usipake dawa ya kulainisha nywele juu yake jamani.

Utosini ni habari nyingine na ndo inayonitisha zaidi kwa akina mama. Panawasha, panaunguza kama umepaka pilipili, nywele zinakatika fupi fupi sehemu moja na duara linatanuka polepole. Usingoje. Ngozi ikishaanza kung'aa na vitundu vya nywele havionekani ujue kovu limeingia, na kwenye kovu hapaoti kitu.

Wanaume, zenu zinapanda panja zote mbili kama herufi M au zinapungua utosini, wala hazidondoki kwa kishindo, kila ikiota upya inakuja nyembamba zaidi, kinyozi wako huenda kashaona na anakustahi tu.

Mtoto mwenye kiraka chenye magamba na nywele zimekatikia chini ni mapunye, fangasi hiyo, inataka vidonge, mafuta peke yake hayafiki kwenye mzizi.

Zikitoka kichwa kizima kwa mafungu rudi nyuma miezi miwili mitatu ujiulize ulijifungua, uliugua dengi, ulifanyiwa upasuaji? Watu wanalaumu shampuu ya juzi wakati mwenye kosa ni homa ya mwezi ule, na mara nyingi hizi zinarudi zenyewe.

Yule dada nikamwambia apumzishe kichwa, akisuka basi iwe twende kilioni ya kulegea, na kila mwezi apige picha panja mwanga uleule, nywele inaota kama sentimita moja tu kwa mwezi kwahiyo asianze kunipigia wiki ijayo. Akaguna. Mdogo wake anaolewa mwezi ujao, wanakamati wote wanasuka. Nikamwambia afunge kilemba.