Ufahamu si mwandiko

"Huyu hana ufahamu." Karatasi za majaribio zikirudi nyumbani, hapa Tanga maneno haya utayasikia mpaka uchoke, utadhani mtoto amezimia.

Ufahamu, kwenye mtihani, ni kuipata maana ya habari uliyoisoma. Basi. Neno lina asili ya Kiarabu, fahima, yaani kuelewa. Na kuelewa kwenyewe kumetokana na kuelea, si kwa majini bali kwa maana ya kuwa wazi: jambo hukuelea, nawe ukaelewa. Ndiyo maana mtu wa pwani akiridhika na maelezo husema "imenielea". Kalamu haimo popote hapo.

Kalamu inakuja na mzigo wake. Habari inasema: "Ngalawa ilikwama Sahare kwa sababu maji yalikuwa yamekupwa." Muulize mtoto wa Darasa la Pili kwa mdomo kwa nini ilikwama. "Maji yalitoka, ikakaa mchangani." Kapata, tena kwa maneno yake. Mpe karatasi: anaandika "galawa", anafuta, anaitafuta ng, anajiuliza kama "kwa sababu" ni neno moja au mawili, na huku jibu linamponyoka. Anaacha "ngalawa maji". Sifuri.

Na kinyume chake kipo, nacho hakisemwi. Soma hii: "Kidulwe kiligwasha mzobeni." Kidulwe kiligwasha wapi? Mzobeni. Umepata alama, na hakuna ulichoelewa. Ile -ni ya mwisho imekupa jibu. Watoto wengi hunakili hivyo hivyo: wanalisaka neno la swali kwenye habari, wanaibeba sentensi nzima.

Mdomo nao una hila zake. Swali la ndiyo au hapana hubahatishwa nusu kwa nusu, na uso wa mwalimu humwambia mtoto amekosea kabla hajamaliza. Ukiificha habari wakati wa kuuliza, unapima na kumbukumbu.

Uliza swali lile lile kwa njia zote mbili. Akijibu kwa mdomo akashindwa kuandika, anahitaji imla na kutunga sentensi. Akishindwa kote, msomee wewe halafu uulize tena: akijibu sasa, tatizo ni kusoma kwa silabi, maana anapofika mwisho wa sentensi mwanzo umeshampotea. Akishindwa hata hapo, ndipo tuuzungumze ufahamu. Kabla ya hapo, mzazi mwenzangu, sema tu bado hajaweza kuisoma habari au kuliandika jibu lake.