Tshombe hakuishia Katanga

Wengi hudhani siasa za Moïse Tshombe zilikufa pamoja na Katanga, jimbo la Kongo (DRC ya leo) alilolitangaza kuwa nchi huru tarehe 11 Julai 1960. Sivyo. Kodi ya shaba kutoka Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, ilimlipia jeshi, lakini hata Ubelgiji, iliyompa maofisa, haikuitambua nchi hiyo. Januari 1963 Umoja wa Mataifa ukaizima, naye akaishia uhamishoni Hispania.

Ajabu ni kilichofuata: Julai 1964, waasi wa Simba wakiteka miji ya mashariki, Rais Kasavubu alimfanya waziri mkuu wa Kongo nzima, ileile aliyotaka kuimega! Akawaita tena askari wake wa Katanga, na mamluki juu. Kasavubu alimtimua Oktoba 1965. Mwezi uliofuata Mobutu, mkuu wa jeshi, akawapiku wote wawili kwa kutwaa madaraka.