“Ni Utani Tu”: Dhana Potofu Kuhusu Dharau Ndogondogo na Madhara Yake kwa Akili

Hivi karibuni mwajiri mmoja wa hapa Mbeya alimsindikiza mfanyakazi wake hadi kwenye chumba changu cha ushauri nasaha, akaketi kabla sijamkaribisha, na binti hajafungua kinywa akanieleza kwamba tatizo lenyewe ni dogo: “Huyu watu wakimtania analia. Mfundishe kuvumilia.” Binti ana ualbino na huuza duka maeneo ya Mwanjelwa. Utani anaotaniwa ni neno moja, “dili”, na wanaolitamka ni vijana wanaopita, madereva wa bajaji na wakati mwingine wateja wenyewe.

Nimefanya kazi ya saikolojia tiba katika nyanda za juu kusini kwa miaka mingi, kwanza Iringa na sasa Mbeya, na kauli ya “ni utani tu” nimeisikia kwa waajiri, walimu, wakwe, viongozi wa dini na, jambo linalonichosha kuliko yote, kwa wagonjwa wenyewe, ambao huanza maelezo yao kwa kuniomba radhi kwamba wanalia kwa sababu ya jambo lisilo na maana. Kwa hiyo nitaanza na dhana hiyo na nitakaa nayo muda mrefu.

Kwanza tuelewane kuhusu neno “dili”. Kumwita mtu mwenye ualbino “dili” ni kusema kwamba viungo vya mwili wake vina bei. Katika nchi ambayo watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina, anayelitamka neno hilo huku akicheka anatoa tishio na kicheko kwa pamoja, na anamwachia anayelisikia kazi ya kuamua, tena papo hapo, njiani, jioni, kipi kati ya viwili hivyo ndicho cha kweli. Mwili hausubiri uamuzi huo. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, kotisoli, homoni ya msongo, inapanda, na mtu anafika nyumbani akiwa amechoka kana kwamba amelima kutwa, ingawa alikaa dukani.

Pili, utani ninaujua na ninauheshimu. Mimi ni Mhehe. Babu zetu walipigana vikali na Wangoni katika karne ya 19, na uadui ule ulipokwisha ukageuka utani, kama ilivyotokea kwa makabila mengi ya nchi hii. Tulipomzika mama yangu, mtani alishuka kaburini kabla ya jeneza, akajilaza, akagoma kutoka mpaka apewe kuku, na waombolezaji ambao hawakuwa wamekula tangu jana yake walicheka mpaka wakalia upya. Mtani huyohuyo ndiye aliyekuwa ameshika sepeto tangu alfajiri. Utani, kwa hiyo, una masharti: unakwenda na kurudi, unafanyika baina ya watu walio sawa, na anayekutania leo anawajibika kwako kesho penye shida. Yule kijana wa bajaji hana wajibu wowote kwa binti wa duka, wala binti hana neno la kumrudishia lenye uzito sawa. Ndiyo maana kipimo changu ni kimoja, na nilimpa yule mwajiri bila kukipamba: mfanyakazi wako anaweza kukurudishia mzaha wa aina hiyohiyo, mbele ya wateja, na mwisho wa mwezi akapokea mshahara wake kama kawaida? Akishindwa kujibu, basi asiniletee habari za utani.

Tatu, suala la udogo. Daktari wa magonjwa ya akili Chester Pierce wa Marekani ndiye aliyezipa dharau hizi jina la kitaalamu, “microaggressions”, mwaka 1970, na hoja yake ilikuwa kwamba tukio moja peke yake laweza kuonekana si kitu, lakini uzito wake unatokana na kurudiwarudiwa katika maisha yote ya mtu. Mwaka 2007 mwanasaikolojia Derald Wing Sue na wenzake wakazigawa katika matusi ya makusudi, kejeli ambazo msemaji mwenyewe huenda hajui kwamba ni kejeli, na kauli za kumkana mtu kwamba anachokipitia hakipo. Aina hii ya tatu ndiyo niliyoiona ikitendeka chumbani kwangu kwa mdomo wa mwajiri. Ni kweli pia kwamba wapo wanasayansi wanaohoji utafiti huu. Mwanasaikolojia Scott Lilienfeld aliandika miaka kumi baadaye, 2017, kwamba dhana yenyewe bado haijapimwa kwa ukali unaotakiwa, na mimi nakubaliana naye kwamba si kila neno linaloudhi ni ubaguzi. Hata hivyo, kuhoji vipimo si sawa na kusema kwamba watu hawaumii.

Wanaosema “mpuuze, yule ni mjinga tu” wangefaidika kujua kazi ya mwanasaikolojia Kipling Williams, aliyebuni mchezo wa kompyuta wa kurushiana mpira ambamo mshiriki, baada ya muda, huacha kurushiwa. Watu hutengwa hivyo kwa dakika chache tu, na wanatoka wakiwa wameshuka hadhi machoni pao wenyewe. Wameumia hata walipoambiwa kwamba wanaowatenga si watu bali ni kompyuta. Wameumia hata walipoambiwa kwamba wanaowatenga ni wafuasi wa Ku Klux Klan, kundi ambalo wao wenyewe walilichukia. Kutengwa kunauma kwanza, na hoja za kujituliza huja baadaye. Kwa hiyo anayemwambia mwenzake apuuze anamwambia afanye jambo ambalo ubongo wa binadamu hauko tayari kulifanya kwa wakati ule.

Ushauri wangu katika hili haubadiliki, na wanafunzi wangu wa mazoezi hunicheka kwa sababu ya kuurudia: nunua daftari. Kwa majuma mawili andika kila neno kama lilivyosemwa, saa na mahali, bila maelezo. Binti wa Mwanjelwa alitumia daftari la hesabu za duka, mauzo upande wa kushoto, maneno upande wa kulia. Kulikuwa na “dili”, kulikuwa na mteja aliyeweka noti juu ya meza ili mikono yao isigusane, kulikuwa na mama mjamzito aliyetema mate kifuani mwake mwenyewe alipomwona, na kulikuwa na “masikini, lakini ana akili”. Siku ambazo upande wa kulia ulijaa, upande wa kushoto ulikuwa na makosa ya kujumlisha. Hakuwa ameliona hilo mpaka alipogeuza kurasa mbele yangu, na mwajiri wake, ambaye alikuwa akimkata mshahara kwa makosa hayo, hakuwa na la kusema.

Ninaongeza mfano mmoja kutoka Iringa kabla sijaendelea. Kila Mtanzania anajua mzaha kwamba Wahehe hujinyonga wakiudhiwa. Wengine huuhusisha na mtawala wao Mkwawa, ambaye mwaka 1898 alichagua kufa kuliko kukamatwa na Wajerumani. Miaka kadhaa iliyopita nilimhudumia kijana wa Kilolo aliyekuwa na sonona, mwanafunzi wa chuo mkoa mwingine, ambaye kwa miezi mitatu hakumwambia yeyote kwamba alikuwa akifikiria kufa, kwa sababu alijua chumba kizima kingecheka na kusema, “Si Mhehe huyo.” Alipona. Lakini miezi mitatu ya kunyamaza kwa sababu ya mzaha ni gharama ambayo hakuna anayeihesabu, na ninaomba wenzangu, hasa walezi wa wanafunzi, wauache mzaha huo.

Dhana ya pili ni kwamba mtu akizoea haumii tena. Mtu huzoea kutolia; mwili hauzoei. Mwanasayansi wa ubongo Bruce McEwen alieleza katika miaka ya 1990 jinsi msongo wa mara kwa mara unavyouchakaza mwili kupitia mifumo ileile inayotakiwa kuulinda, na mtafiti wa afya ya jamii Arline Geronimus, mwaka 1992, alitoa hoja kwamba afya ya wanawake weusi wa Marekani huchakaa mapema kuliko umri wao kwa sababu ya maisha ya kubaguliwa, kama bati lililopigwa na jua na mvua. Ninapokutana na mtu mwenye ulemavu anayesema “mimi nimeshazoea”, ninauliza usingizi wake ukoje, kisha shinikizo la damu. Mara nyingi jibu la kweli linapatikana huko.

“Hayo ni mambo ya Wazungu na Makaburu, sisi hatubaguani.” Kauli hii hutolewa kwa fahari, na fahari hiyo ina msingi: Azimio la Arusha la 1967 linaanza imani zake kwa kusema binadamu wote ni sawa, na ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi. Lakini katazo la sheria huandikwa kwa sababu jambo lipo. Ubaguzi hauhitaji rangi mbili. Wachumi Karla Hoff na Priyanka Pandey walipowapa wavulana wa vijijini India mafumbo ya kutafuta njia ya kutokea, wa tabaka la chini walifanya sawasawa na wa tabaka la juu, mpaka tabaka la kila mmoja lilipotangazwa hadharani. Hapo wa chini wakashuka. Watoto walikuwa walewale, na uwezo wao ulikuwa uleule. Ninawaza jambo hilo kila ninaposikia mwenye nyumba akimtambulisha binti wa kazi kwa wageni, “Huyu tumemtoa Iringa, wa kwao wanafaa sana kwa kazi hizi,” kana kwamba mkoa mzima ulizaliwa na ufagio mkononi.

Wapo wanaojitetea kwamba yale waliyoyasema yalikuwa sifa. “Unaongea vizuri kwa mtu wa kwenu.” Mwaka 1991 wanasaikolojia Jennifer Crocker, Brenda Major na wenzao walionyesha kwamba wanafunzi weusi wa Marekani waliosifiwa na mtathmini mweupe aliyeweza kuwaona kupitia dirisha walishuka katika kujithamini badala ya kupanda, kwa sababu hawakujua kama sifa ile ni ya kazi yao au ni ya huruma. Mtu anayekesha akijiuliza “alimaanisha nini?” hana tatizo la kushuku kupita kiasi, amepewa swali lisilo na jibu. Ukitaka kumsifu mtu, sifu kazi, uishie hapo.

Dhana ambayo huniudhi kwa namna ya pekee, kwa sababu huletwa na wahudumu wa afya wenzangu, ni ile ya “tatizo lao ni kujinyanyapaa wenyewe”. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa iliyoongoza kwa maambukizi ya VVU katika tafiti za kitaifa za 2016–17 na 2022–23, kwa hiyo hakuna ukoo hapa ambao jambo hili ni la jirani tu. Mama mmoja wa Makambako alikuwa akipanda basi kuja Mbeya kuchukua dawa, akipita kliniki iliyo karibu na kwake. Wenzangu waliandika “anajinyanyapaa” kwenye faili. Nilipomuuliza, alinieleza kuhusu kikombe: nyumbani kwa mkwe wake kulikuwa na kikombe cha bati kilichokatika mpini, kilichowekwa peke yake juu ya dirisha, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni chake. VVU haviambukizwi kwa kikombe, na mtu anayetumia dawa za kufubaza hadi virusi visionekane kwenye damu hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Familia ilikuwa imeambiwa yote mawili. Huyu mama hakujitungia aibu. Alifundishwa, kila asubuhi, wakati wa chai. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa, ila sijaona askari anayekamata watu kwa sababu ya vikombe, kwa hiyo kazi hiyo ni yetu, na inaanza kwa kuita familia nzima kwenye kikao badala ya mgonjwa peke yake.

Kuhusu watoto, kwamba hawaelewi na watasahau, sitasema mengi. Wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark waliwapa watoto weusi wa Marekani wa miaka 3 hadi 7 wanasesere weusi na weupe, na wengi wao wakamchagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Mtoto wa miaka 3 tayari anajua. Mwalimu anayemkalisha mtoto mwenye ualbino nyuma ya darasa, na hali macho yake hayaoni ubaoni kutoka huko, anamfundisha mengi kuliko hesabu.

Na wale wanaodhani kwamba kuja kwa mwanasaikolojia ni hatua ya kwanza ya safari ya kwenda Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, nawahakikishia kwamba wengi ninaowaona hurudi kazini siku hiyohiyo. Hospitali za rufaa zina idara za afya ya akili, na huhitaji kuja na mwajiri. Kwa kweli naomba usije naye. Kama ni lazima, akae kwenye benchi la nje. Wewe njoo na daftari lako, hata kama lina ukurasa mmoja tu ulioandikwa.